Lakiri Niliyoivunja

Siku binti wa marehemu kaka yangu alipofanya mtihani wa vitendo, mimi ndiye niliyeshika kalamu. Nilikuwa mwandishi wa ofisi katika kituo cha walemavu hapa Kisangani. Nilikuwa na diploma ya sekondari, sehemu ya biashara, na kazi yangu ilikuwa kupiga mashini ya kuandikia, kugonga mihuri na kupeleka barua. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yamepigana mjini mwetu mwaka uliotangulia, wafanyakazi wengi walikimbia wasirudi, na mwenye mwandiko unaosomeka aliyebaki nilikuwa mimi. Kwa hiyo daktari aliyesimamia mtihani hakujali kwamba mtahiniwa ni mtoto wetu. Aliniweka pembeni ya chumba akaniagiza niandike dakika kwa dakika.

"Usiandike unachofikiri," aliniambia. "Andika unachoona."

Mgonjwa alikuwa bibi mmoja wa mtaa wa Tshopo, aliyepooza upande wa kulia tangu miezi minane. Mkono wake ulikuwa umejikunja kifuani, vidole vimefumba. Nilidhani binti yetu angeanza kwa kuunyoosha, kama nilivyowaona wenzake wakifanya. Hakuugusa. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya bibi, akamwuliza kwake pondu, majani ya mihogo, inatwangwa na nani.

"Bakamwana," bibi alijibu, yaani wake za wanawe. "Banatwanga vibaya. Inabakia na vijiti ndani."

"Basi unionyeshe vile inafaa kutwanga."

"Na mukono gani? Hauoni niko nusu mutu?"

"Na ile ya kushoto kwanza. Mi sijue, mama. Unifundishe."

Binti yetu alikuwa amekuja na kinu na mchi kutoka nyumbani kwangu. Asubuhi ile mke wangu alivitafuta jikoni akavikosa. Bibi alianza kutwanga kwa mkono wa kushoto, huku akilalamika kwamba majani ni machache na mchi ni mwepesi. Baada ya muda binti yetu aliuchukua mkono wa kulia, akauweka juu ya mchi chini ya ule wa kushoto, akasimama nyuma ya mgonjwa. Kiganja chake kimoja kilikuwa begani, kingine chini ya kiwiko. Mchi ulipanda na kushuka. Kila uliposhuka, uzito wake uliuvuta mkono ule, na kiwiko kikakubali kidogo.

"Wee mutoto," bibi alifoka, jasho likimtoka, "unanitesa kupita mama-mukwe yangu!"

"Yeye alikuwa anakutesa aje?"

"Alikuwa anahesabu mapigo!"

"Basi tuhesabu pamoja."

Walihesabu. Kwenye dakika ya ishirini na tatu binti yetu aliondoa mkono wa kushoto wa bibi taratibu, naye bibi, kwa kuwa alikuwa katikati ya kuhesabu, hakuona. Alitwanga mara tatu kwa mkono wa kulia peke yake. Kisha akaona. Mchi ukaanguka, na bibi akabaki akikitazama kiganja chake kilichokuwa wazi.

Niliandika: vidole vimefunguka. Nikaandika tena sentensi ileile chini yake, kana kwamba mara moja haikutosha. Nilikuwa nimeishi na msichana huyu nyumba moja tangu baba yake afe, nimekula chakula chake, nimemkaripia kwa kuchelewa kurudi, na sikujua kwamba ana jambo kama lile mikononi. Daktari alinieleza baadaye kwamba si muujiza, kwamba nguvu kidogo ilikuwa imebaki katika mkono ule na ilikosa wa kuiita. Maelezo yake hayakuupunguza mshangao wangu. Mpaka leo hayajaupunguza.

Kazi hiyo kwetu huitwa kine, kwa Kifaransa kirefu kinésithérapie. Kwingine wanaiita fiziotherapia. Ni kutibu mwili kwa mikono na mazoezi. Binti yetu alikuwa na diploma ya miaka mitatu, na alitaka shahada ya juu, ile inayomruhusu mtu kuongoza chumba kizima cha tiba na kufundisha wengine. Shule zilizotoa shahada hiyo nchini tulizijua mbili, moja Kinshasa na moja Lubumbashi. Zote mbili zilikuwa upande wa serikali, na sisi tulikuwa upande wa waasi. Meli za Kinshasa zilikuwa zimesimama. Barabara hazikuwepo hata kabla ya vita. Posta ilikuwa na jengo, haikuwa na barua.

Daktari alifanya kazi ya miezi kupata kibali. Shule zote mbili zilikubali mtihani wa kujiunga, huo nilioushikia kalamu, ufanyike kwetu chini ya macho yake, kwa maswali yaliyoletwa na wamisionari. Ziliweka sharti moja, nalo nililisoma kwa macho yangu kwa sababu mimi ndiye niliyeipokea barua. Pointi zitoke mkononi mwa msahihishaji, katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, muhuri ukikata mdomo wa bahasha. Bahasha ikifika imefunguliwa, pointi hizo si pointi. Orodha ya wanafunzi itafungwa mwisho wa mwezi wa kumi.

Tulikuwa mwezi wa saba. Daktari alisahihisha, akajaza fomu mbili, akayeyusha lakiri nyekundu kwa mshumaa juu ya meza yangu, akagonga muhuri na kutia sahihi. Alinipa bahasha mbili zikiwa bado na joto.

"Wewe ndiye unajua njia," alisema.

Ni kweli nilizijua, na nilijivunia. Siku zile barua ilikwenda kwa mtu anayesafiri. Tulisema inakwenda "na occasion". Watu wa mtaa walikuja kwangu kuuliza nani anaruka lini, na nilijua. Kwa kwenda Kinshasa, mji ulio chini ya mto wetu wenyewe, barua ilipaa kwanza kwenda Goma, kinyume kabisa. Kutoka Goma ilivuka mipaka hadi Kampala, kisha Nairobi, kisha ikarudi kwa ndege kuvuka bara zima hadi Brazzaville, ndipo ivushwe mto na kuingia Kinshasa. Nilikuwa nikisimama ukingoni nikiona magugu ya maji yakipita mbele yangu, yakielekea Kinshasa bila kuulizwa na mtu. Sisi ilitubidi kuizunguka nusu ya Afrika.

Sasa, barua ya occasion ina adabu yake. Haifungwi. Unampa msafiri bahasha ikiwa mdomo wazi, naye mbele yako anaulamba na kuufunga mwenyewe, au anauacha hivyo. Ukimpa iliyofungwa tayari, umemwambia kwamba humwamini. Baba yangu alinifundisha hivyo, na yeye alikuwa mtu wa meli, aliyewabebea watu barua kutoka Ubundu hadi Isangi. Vita iliiongezea adabu hiyo woga. Kwenye vizuizi askari walitafuta barua za Kinshasa, na ile iliyofungwa ndiyo waliyoishuku. Mtu mmoja wa mtaani kwetu alilala ndani siku tatu kwa bahasha ambayo hakujua imebeba nini.

Kwa hiyo saa sita mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilikipasha moto kisu cha karatasi kwenye mshumaa uleule wa daktari, nikaiinua lakiri ya bahasha ya kwanza, halafu ya pili. Nilitoa fomu, nikaziweka katika bahasha nyeupe za kawaida, midomo wazi. Nilijiambia kwamba fomu yenyewe ina muhuri ndani, kwamba watu wa shule ni watu wenye akili, watauona muhuri na kuelewa hali yetu.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwa maneno hayo: adabu na woga. Yote mawili yalikuwepo, lakini hayakukiinua kisu peke yake. Nilitaka kuona pointi. Nilikuwa mtu niliyepitisha karatasi za watu wengine maisha yangu yote, na hii ilikuwa ya nyumbani kwangu, na nilitaka kuijua kabla ya wote.

Nilizisoma. Anatomia, kumi na saba kwa ishirini. Magonjwa, kumi na sita. Vitendo, ishirini kwa ishirini. Chini yake daktari alikuwa ameandika kwa mkono: sijawahi kuitoa alama hii. Nilikaa pale na fomu mkononi hadi niliposikia sauti za wenzangu wakirudi. Furaha niliyoipata dakika zile ndiyo niliyomlipisha.

Jioni ile nilimpa barua mama mmoja mfanyabiashara kutoka Butembo, muuza vitenge wa jumla, aliyeruka kwenda Goma mara kwa mara. Nyumbani nikamwambia binti yetu kwamba zimeondoka. "Zimeondoka salama?" aliuliza. Nikasema salama.

Mwezi wa nane ulipita, na wa tisa. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi mtu wa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, alifika kituoni na kikaratasi: Kinshasa itatuita kwenye fonie Alhamisi, saa nne asubuhi. Fonie ni redio ya mawasiliano ya mbali. Yetu ilikuwa katika chumba kidogo karibu na soko, mashini moja juu ya meza, betri ya gari chini yake, mabenchi mawili ya wanaongoja zamu. Unaongea, unasema "à vous", unaachia kitufe, mwenzako anajibu. Wote waliokaa kwenye mabenchi wanasikia kila neno, na hakuna aliyejifanya hasikii.

Tulikwenda wawili. Binti yetu alivaa kitenge chake cha kanisani. Sauti ya mwanamke, karani wa shule, ilitoka ndani ya mkoromo mkubwa. Aliongea Lingala.

"Tumepata fomu ya mutoto wenu. Ilifika juzi. Iko wazi. À vous."

Niliuliza iko wazi namna gani, ingawa nilijua.

"Bahasha nyeupe ya sokoni, papa. Hakuna lakiri. Hakuna kitu. Tulisema lakiri. Waalimu wamekataa kuisoma. Nani aliifungua? À vous."

Mwenye fonie alinitazama. Kwenye benchi mzee mmoja alisema, "Askari hao. Wanafungua hata mkate." Mwingine akasema, "Wanafungua hata kifo." Watu walicheka. Mlango wa uongo ulikuwa wazi mbele yangu, umefunguliwa na wengine, na mimi nilitakiwa kupita tu. Nilibonyeza kitufe.

"Ni mimi," nilisema. "Niliifungua mimi, hapa ofisini. À vous."

Kicheko kilikatika. Kutoka Kinshasa ulikuja mkoromo mtupu, kisha: "Wewe nani? À vous."

"Tonton wake, baba yake mdogo."

Mama mmoja nyuma yangu alipiga ulimi. "Eh, tonton wa namna hii," alisema, "hata adui hana kazi tena." Binti yetu hakuniangalia. Alichukua kipaza sauti mkononi mwangu, akauliza swali moja: orodha inafungwa lini hasa? Ni ileile, karani alijibu, mwisho wa mwezi. Ikija nyingine yenye lakiri kabla ya siku hiyo, itasomwa. Binti yetu alishukuru, akasema "terminé", yaani mwisho, akarudisha kipaza sauti mezani polepole kama kitu cha kuvunjika.

Njiani alitembea mbele. Tulipofika kwenye kona ya kwetu alisimama.

"Uliona pointi?"

"Niliona."

"Vitendo walinipa ngapi?"

Nilimwambia. Aliziba uso kwa mikono miwili, na sikujua kama ni furaha au ni kilio. Nilibaki nimesimama barabarani kama mtu aliyebeba mzigo wa mwingine akasahau anwani.

Daktari hakunipigia kelele. Alifungua daftari lake, akajaza fomu mbili upya, akayeyusha lakiri. Safari hii aliyeyusha mezani kwake, si kwangu. "Nilikupa uzipeleke," alisema bila kuinua macho. "Sikukupa uzisome."

Nilikwenda sokoni kumtafuta yule mama wa vitenge. Alikuwa amekaa juu ya marobota na wenzake watatu, wakila chikwanga, mkate wa mihogo, na samaki. Nilimweleza kila kitu, kisha nikamwambia kwamba najua barua iliyofungwa hakuna anayekubali kuibeba, lakini namwomba.

Aliacha kula. "Papa, nani alikuambia mi nakataa barua ya kufungwa?"

"Desturi."

"Desturi iko na mudomo? Uliniuliza mi?"

Sikumwuliza. Bahasha ya kwanza nilimpa ikiwa wazi tayari, nikamsifu kwa uaminifu wake, naye aliipokea bila kujua kwamba nilikuwa nimeamua kwa niaba yake kwamba ni mwoga.

"Sikia," alisema. "Ya ndani aifunge munganga vile anataka. Kisha unatia ndani ya ingine kubwa, ya inje, unaacha mudomo wazi. Mule unaandika barua ya kueleza, na kopi ya pointi, askari asome mupaka achoke. Bahasha mbili. Kwani weye unatembeaka na nguo ya ndani tu?"

Wenzake walicheka hadi mmoja akapaliwa na chikwanga. Nilicheka pia, kwa aibu. Miaka ishirini ya kutuma barua, na jambo jepesi namna ile halikuwahi kunijia.

Niliandika barua ya nje kwa mkono, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwa yeyote atakayeishika. Nilisema humu ndani mna pointi za msichana anayerudisha watu kwenye miguu yao. Nakala yake hii hapa, isomwe. Ya ndani ikifunguliwa msichana huyu atakosa shule. Na kwamba ya kwanza niliifungua mimi. Hiyo ya mwisho nusura niifute. Niliiacha.

Siku ya ndege nilikwenda uwanjani mimi mwenyewe, nikasimama na yule mama mbele ya askari wa upekuzi. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo. Kawaida yangu ilikuwa kumpa msafiri barua nyumbani kwake na kurudi ofisini. Askari aliitoa bahasha ya ndani, akaigeuza, akaigusa lakiri kwa ukucha.

"Hii iko nini?"

"Pointi za shule, chef. Kopi iko hapa. Yote inasomeka."

Alisoma nakala kwa muda mrefu, midomo ikitembea. "Ishirini kwa ishirini," alisema. "Ya nini?"

"Kutembeza wenye hawatembei."

Aliniangalia kama mtu anayepima kama anadanganywa. Kisha akasoma barua yangu, akafika mwisho wake, akacheka kwa sauti. "Kumbe mwizi ni weye!" Akamwita mwenzake. "Njoo uone papa amejiandikia kosa yake mwenyewe!" Mwenzake alikuja, akasoma, akacheka vilevile. Bahasha ya ndani ilirudi ndani ya ile kubwa, lakiri ikiwa nzima. Hawakugonga muhuri wowote. Mama wa vitenge aliiweka kifuani mwake akapanda ndege. Ya Lubumbashi ilikuwa pamoja nayo. Hiyo, kama ile yake ya kwanza, hadi leo sijui iliishia wapi.

Tuliingoja ya Kinshasa mwezi mzima. Binti yetu aliendelea na wagonjwa. Alinisalimia asubuhi, alinipa chakula, aliniita tonton kama zamani, lakini hakunisimulia tena habari za kazi jioni, kama alivyokuwa akifanya, nani amesimama leo, nani ameshika kijiko. Nilikuwa sijui kwamba nazipenda habari zile mpaka zilipokosekana.

Fonie ilituita wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na wengine waliokuwepo siku ile ya kwanza walinitambua, nilisikia mtu akinong'ona, "Ni yule tonton." Karani wa Kinshasa alikuja hewani kwa sauti tofauti, ya chini.

"Bahasha imefika. Ya ndani ni nzima. Lakini papa, nataka nikusomee kitu. Nyuma ya barua yako watu wameandika. À vous."

Nilimwambia sikumwomba mtu yeyote aandike.

"Wameandika. Nakusomea. 'Goma. Nimeitoa Kisangani, nimempa kaka wa lori. Ya ndani nzima.' Wa pili: 'Mpakani. Wameiangalia, wameiacha. Nzima.' Wa tatu: 'Kampala. Nimekaa nayo siku tisa, nilikosa mtu mwaminifu, msinilaumu. Nzima.' Wa nne: 'Nairobi. Mimi ni mlinzi wa nyumba ya wageni. Nimeiweka chini ya mto wa kulalia. Nzima.' Wa tano hakuandika jina la mji, ameandika tu 'nzima'. Wa sita: 'Brazzaville. Mtoto asome. Nzima.' Wa saba ni mwanamke aliyevuka na kuileta hapa shuleni kwa miguu. Aliomba kalamu yangu akaandika mbele yangu. À vous."

Mwenye fonie alikuwa ameondoa kofia. Watu saba. Nilimjua mmoja tu, na huyo nilikuwa nimemdhania vibaya. Wengine sita hawakumjua msichana wala mimi, hawakupata kitu, na kila mmoja alishika karatasi iliyofungwa katika nchi zenye vita na woga, akaiacha ilivyo. Mimi niliyemlea ndiye niliyeshindwa kukaa nayo saa moja.

Binti yetu alichukua kipaza sauti. "Na orodha?"

Mkoromo. "Orodha ilifungwa siku nne zilizopita, mama. Nimejaribu. Waalimu wamesoma pointi zako, wamesema hutafanya mtihani tena, nafasi yako ni ya mwaka ujao. Mwaka huu haiwezekani. À vous."

"Mwaka moja," alisema binti yetu, si kwa Kinshasa wala kwangu. Kisha akabonyeza. "Nimeelewa. Mungu awabariki wote saba. Terminé."

Nilifanya hesabu njiani na sikuweza kuiacha. Ningewatumia watu hawahawa bahasha iliyo nzima mwezi wa saba, hata siku tisa za Kampala zisingetosha kuichelewesha. Nilimwambia hivyo. Alisema anajua, ameshaihesabu. Tulitembea kidogo, kisha akaanza kunieleza habari za mtu mmoja wa ng'ambo ya mto ambaye asubuhi ile alikuwa amepanda ngazi tatu. Nilisikiliza kila neno.

Mwaka ule aliokosa ulikuwa mrefu. Alipoondoka hatimaye, aliondoka kwa mto, maana njia ya maji ilikuwa imeanza kufunguka. Wenzake wa orodha ya kwanza walikuwa mbele yake, na walibaki mbele: walimaliza kabla yake, wakashika kazi kabla yake, na mmoja wao alikuwa mkubwa wake kazini kwa muda mrefu. Hayo hajawahi kunitajia. Niliyajua kwa kuuliza.

Sasa ni mama mtu mzima, anafundisha, na wageni humwuliza njia aliyopita. Nimemsikia akiwajibu mara mbili, nikiwa nimekaa hapohapo. Husema alichelewa mwaka mmoja kwa sababu ya vita, na wageni hutikisa kichwa kwa huruma, na mazungumzo yanasonga mbele. Mara ya pili, walipoondoka, nilimwambia si vizuri kuisingizia vita. Ina makosa ya kutosha.

"Tonton, acha," alisema, akikusanya vikombe. "Bote banajua ilikuwa vita."

"Bote, isipokuwa wewe na mimi."

Alisimama na vikombe mkononi. "Basi andika weye," alisema. "Mi kwa mudomo wangu sitaisema."

Nimeandika.